Kijiji Kilichofagiwa

Kwa miaka thelathini na moja Kyakimwa Agar alizalisha wanawake wa Vuhovi, na katika miaka hiyo yote hakumwambia hata mama mmoja kwamba mtoto amelala wakati mtoto amekufa. Wenzake pale santé, kituo cha afya, walikuwa na njia zao. Walileta chai kwanza, wakamwita bibi wa mgonjwa, wakazunguka maneno mpaka mama mwenyewe aelewe kwa kuona nyuso zao. Agar aliketi ukingoni mwa kitanda, akashika mguu wa yule mama juu ya kifundo, akasema, "Mama, mutoto hakubakia." Kisha alikaa palepale hadi kilio kilipoisha. Watu walimwita mugumu. Lakini mimba iliyofuata, wanawake walewale waliuliza kama Mama Agar yuko zamu.

Ebola ilipoingia Butembo, ilimkamata kupitia mikono ya mwanamke aliyemzalisha siku ambayo glavu ziliisha. Alilala siku kumi na tisa ndani ya hema la plastiki, akihudumiwa na watu wasio na nyuso, akisikia kitanda cha jirani kikinyamaza upande huu, kisha upande ule. Siku ya kumi na moja aliweka ahadi. Kama nitatoka hapa kwa miguu yangu, alisema, miguu hiihii itanipeleka Namugongo, Uganda, kwa Wafiadini.

Alitoka. Lakini barabara ya Kasindi, inayokwenda mpakani, ilikuwa ya damu, hakuna aliyethubutu kuipita kwa mguu. Halafu magoti yakaanza kuuma. Halafu dada yake akafika kutoka Kirumba akikimbia vita, na wajukuu wanne na godoro moja kichwani. Hivyo miaka ikapita, mpaka Agar akaacha kazi kwa uzee, na mwezi wa tano mwaka huu parokia ikatangaza kwamba barabara imetulia kidogo na kundi la mahujaji litaondoka. Agar alikwenda kuandikisha jina lake kabla ya misa kuisha.

Waliondoka tisa. Aliyewaongoza alikuwa katekista wa mtaa wa Furu, Mwalimu Hippolyte, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni na bendera ndogo ya Wafiadini mkononi. Nyuma yake alitembea Phinées, fundi wa pikipiki, amebeba ngoma. Katungu, muuzaji wa mafuta ya mawese sokoni, alijipanga karibu na Agar tangu hatua ya kwanza akamwita yaya, yaani dada mkubwa, na mdomo wake haukupumzika kupanda wala kushuka.

Siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Watu wa Maboya walitoka njiani na bidoni za maji, watoto walikimbia pembeni wakiimba, na Agar alijiuliza kwa nini alichelewa miaka yote hiyo. Siku ya pili miguu ilijibu. Lengelenge lilipasuka kwenye kisigino cha kulia, akalifunga mwenyewe kwa kitambaa na kutembea kwa upande wa mguu mpaka Beni. Pale walilala uwanjani mwa parokia, na masista waliowapikia sombe waliwaonya jambo moja tu.

"Kule mbele," alisema sista aliyekuwa akigawa, "mukisikia mutu anaita jina lenu kutoka kwenye kakao, musiitike."

Katungu alicheka. Sista hakucheka.

Siku ya tatu waliondoka alfajiri kuelekea mashariki. Baada ya saa tatu za kutembea walikuta malori yamezama katika matope, moja nyuma ya lingine, na njia imeziba kabisa. Madereva waliwaonyesha barabara ya zamani inayokatiza katika mashamba ya kakao na kurudi kwenye barabara kubwa mbele. Kuna kituo cha askari huko, walisema, mutapita vizuri. Hippolyte akapiga filimbi, wakaingia.

Ndani ya kakao, Katungu akanyamaza. Hilo ndilo Agar aligundua kwanza, kwamba sauti iliyomsindikiza siku mbili ilikuwa imekatika. Kisha akaona matunda. Yalining'inia kwenye mashina yakiwa meusi, msimu juu ya msimu, hakuna aliyeyavuna. Ndege hawakuwapo. Mawingu ya Ruwenzori yalikuwa yameshuka mpaka juu ya miti, na ngoma ya Phinées, hata alipoigusa kwa bahati mbaya, ilitoa mlio mfupi uliofia palepale.

Kituo cha askari kilikuwa vibanda vitatu vya maturubai kwenye njia panda. Sajini aliyewapokea aliitwa Mardochée, mtu wa Équateur, na Kiswahili chake kilitembea pamoja na Lingala. Aliangalia karatasi ya parokia, akawaangalia wao, akaelekeza kidole kwenye kijiji kilichokuwa mbele.

"Mutapita mu mboka ile. Mupite mbio. Musiingie mu nyumba."

"Kuna watu?" Hippolyte aliuliza.

"Te. Balikimbia bote, inapita miaka mbili. Bengine baliuawa, bengine balichukuliwa."

"Basi unaogopa nini?"

Sajini alijikuna shingo. "Utaona wewe mwenyewe, mwalimu."

Waliona. Kijiji kilikuwa nyumba kama thelathini, kuta za udongo na mabati yenye kutu, pande mbili za njia. Milango yote imefungwa. Hakuna moshi, hakuna kuku, hakuna mbuzi, hakuna nguo kwenye kamba. Na kila lupango, yaani ua wa nyumba, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, lilikuwa limefagiwa. Alama za ufagio zilionekana wazi kwenye udongo wenye unyevu, zimepangwa kama nywele zilizochanwa, kutoka mlangoni mpaka njiani. Hakukuwa na jani hata moja chini. Hakukuwa na unyayo hata mmoja juu ya alama zile.

"Yesu," alisema Katungu.

Hawakuimba tena. Walitembea katikati ya njia, wakibanana, kila mmoja akijihadhari asikanyage udongo uliofagiwa, ingawa hakuna aliyewakataza. Agar alibaki nyuma kwa sababu ya kisigino. Ndipo mvua ikaanguka, si matone, ni maji yaliyomwagwa, na Hippolyte akakimbilia kanisa dogo lililokuwa mwisho wa kijiji. Wote walijikusanya chini ya baraza lake. Mlango ulikuwa wazi. Walichungulia ndani, wakarudi nyuma, wakasimama wakiwa wamegeuza migongo.

Agar alipofika, mguu ulikuwa ukimwaka moto. Alitaka kiti tu. Aliingia.

Ndani kulikuwa na mabenchi, na juu ya mabenchi kulikuwa na viatu. Sapato za plastiki, makubazi, buti za shamba, viatu vidogo vya ubatizo vyenye kamba nyeupe. Vingi ni kimoja kimoja. Vimewekwa kwa nafasi, kama watu wanavyoketi, wanawake kushoto na wanaume kulia, watoto mbele. Vyote vimefutwa vumbi. Agar alisimama akasikiliza mvua juu ya mabati. Alikuwa amekaa na maiti nyingi maishani, na hofu yake ilikuwa ya kawaida, ile inayoacha mikono ifanye kazi. Aliona nafasi tupu mwishoni mwa benchi la tatu, akaketi, akaanza kufungua kitambaa cha kisigino.

"Iyo ni fasi ya Mama Kasoki," ilisema sauti nyuma ya altare. "Simama."

Agar alisimama.

Barazani, Katungu alipiga ukelele, na Agar akasikia wenzake wakikimbilia mvuani. Yeye hakukimbia. Magoti yasingekubali hata kama angetaka. Alisema, "Nisamehe. Sikujua. Nikae wapi?"

Kisha mwanamke akatoka nyuma ya altare na ufagio mkononi. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mwembamba, kikwembe kimefungwa kifuani, kichwa kimenyolewa. Alimwangalia Agar kama mtu anayeangalia kitu kilichoachwa mlangoni.

"Chini," alisema. "Chini hakuna mutu."

Agar aliketi sakafuni. Macho yake, kwa mazoea ya kazi, yalianza na mwili. Visigino vimepasuka. Mbavu zinahesabika. Na mkono wa kushoto ulioshika ufagio ulikuwa umefungwa kwa jani la mgomba, vidole vimevimba, na harufu yake Agar aliijua kabla ya kuiona.

"Mama, mimi ni muzalishaji. Lete huo mukono niangalie."

Mwanamke alifikiri, akasogea. Jeraha lilikuwa la panga, la wiki mbili, na kidole kidogo kilikuwa cheusi. Agar alitoa Dakin, dawa ya kuoshea vidonda, kutoka katika mfuko wake, akaosha, akakata kipande cha leso yake ya hija na kufunga. Mwanamke hakulalamika. Alisema jina lake ni Émérance. Alikimbia na wengine siku ile, akalala mwezi mmoja kwenye uwanja wa shule huko Beni, halafu akarudi peke yake kupitia porini. Mume wake alichukuliwa siku ileile pamoja na watu kumi na wawili. Hakuna aliyeona miili.

"Na kufagia?" Agar aliuliza.

"Lupango ikijaa majani, inakuwa pori. Batu bakirudia, batapita, batasema, kwetu hakuna. Donc minafagia."

"Nyumba zote?"

"Zote. Minaanza mbele jua halijatoka. Minarudi nyumanyuma, ufagio mbele yangu, kusudi miguu yangu isionekane. Basoda banaogopa." Kwa mara ya kwanza kitu kama tabasamu kilipita usoni pake. "Iko vizuri baogope. Hawataiba mabati."

Agar alitaka kucheka pia. Hayo yalikuwa maelezo, na maelezo yalimpa pumzi. Mvua ilikuwa imepungua. Émérance akasimama ghafla, akatazama mwanga mlangoni, akasema, "Ni saa sita. Kuya usikie."

Nje ya kanisa jante, rimu ya gurudumu la lori, ilining'inia kwenye mti wa avokado. Émérance alichukua chuma kwa mkono mzima, akapiga. Mara tatu, akangoja, kisha mara moja. Mlio ulizunguka juu ya mabati na kupotea katika kakao. Akashusha chuma. Akainua kidole.

Kutoka mashariki, mbali, ng'ambo ya bonde, ulikuja mlio mwingine. Mara tatu. Kimya. Mara moja.

Agar aligeukia upande ule.

"Ni nani?" alinong'ona.

"Sijui. Inaanza mwezi wa pili. Mbele, nilikuwa napiga peke yangu. Siku moja akajibu." Émérance aliongea taratibu, kama anayemzungumzia mtu aliye chumba cha pili. "Kule kulikuwa kijiji kingine. Nao balikimbia. Minasema labda kuko mutu kama mimi, anafagia. Labda ni bwana yangu."

"Hukuenda kuangalia?"

"Mama," alisema Émérance, "na nikikuta hakuna mutu?"

Agar aliuangalia tena ule mkono. Alimwambia mkono ule unahitaji hospitali, kidole kitakatwa, na kikichelewa utakatwa mkono wote. Émérance alisema hawezi. Nani atapiga saa sita? Akikosa kupiga, yule wa ng'ambo atajua hata huku watu wameisha.

Agar aliwakuta wenzake kituoni kwa askari, wameloa, wengine wakilia. Nao walikuwa wamesikia milio miwili. Sajini Mardochée alisema huisikia kila siku, saa sita na saa kumi na moja, na askari mmoja aliyekwenda kutafuta alirudi na homa akaomba uhamisho. Agar aliwaeleza kuna mwanamke, ni mtu, ana jina na ana kidonda. Walimsikiliza. Lakini alipofika kwenye mlio wa pili, alinyamaza, na wote waliona kwamba amenyamaza.

Kesho yake, nguo zilipokauka, waliendelea na barabara ya zamani, wakakipita mbio kile kijiji kilichofagiwa. Kabla ya saa sita walifika mahali njia ndogo inapoachana na ile kubwa kuelekea kilimani, na Agar akasema anataka kuona kile kijiji cha pili.

"Hapana," Hippolyte alisema. "Mama Agar, bisi tunaenda Namugongo. Hatutafute pepo."

"Pepo hawapigi jante, mwalimu. Kama kuko mutu kule, anahitaji chakula. Nipe nusu saa."

Mwishowe Phinées alikubali kwenda naye na panga. Wengine walibaki njiani wakisali rozari kwa sauti kubwa.

Hapakuwa na kijiji. Kulikuwa na nyasi zilizomfikia Agar kifuani, na ndani ya nyasi kuta zilizoanguka, mabati yamechukuliwa, mwembe umeota katikati ya chumba. Phinées alikata njia hatua kwa hatua. Hakuna jani lililokanyagwa, hakuna pito la mtu wala la mnyama. Mbele ya iliyokuwa shule walikuta jante imetundikwa kwenye nguzo. Mmea wa kutambaa ulikuwa umeizunguka, umeingia katika matundu yake yote na kutoka upande wa pili, umekomaa, unene wa kidole gumba. Chuma cha kupigia kilikuwa chini, nusu kimemezwa na udongo.

"Hii haijapigwa mwaka muzima," alisema Phinées. "Yaya, ile ya jana ni mlima. Sauti inapiga mlima, inarudi."

Agar alipiga makofi, kwa nguvu. Wakasikiliza. Mlima haukurudisha chochote.

Wakiwa bado wamesimama, mlio ulikuja kutoka magharibi, mwembamba, wa wazi. Tatu. Kimya. Moja.

Ilikuwa saa sita.

Baadaye Agar alisema hakufikiri. Aliona tu mwanamke mmoja amesimama chini ya mti wa avokado, kidole juu, akingoja. Alimnyang'anya Phinées panga, akakata mtambaa kwa mapigo matatu manne, akang'oa kile chuma ardhini na kuipiga jante. Mara tatu, mara moja. Kutu ikamwangukia usoni. Phinées alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Waliporudi njiani, Agar alitembea na kundi labda mita mia mbili. Kisha akasimama. Alihisi kinywani ladha ambayo hakuwahi kuionja kazini, na aliijua ni ladha ya nini. Alikuwa amemwambia mama kwamba mtoto amelala.

"Muendelee," alimwambia Hippolyte. "Nitawakuta Kasindi."

Hippolyte alipiga kelele, akasema ni yeye, kiongozi, atakayejibu kwa padri. Katungu alilia akamshika mkono. Agar alimwachia Katungu mfuko wa unga, akageuka, akarudi peke yake katikati ya kakao, akichechemea. Mara moja tu alifikiri amesikia jina lake upande wa kushoto. Hakuitika.

Émérance alikuwa ameketi kizingitini mwa kanisa. Agar aliketi karibu naye. Alimshika mguu, juu ya kifundo.

"Mama," alisema, "leo ni mimi njo nilikujibu. Nilikwenda. Hakuna mutu. Nyasi tu, na jante imefungwa na majani, ya zamani. Siku zingine sijui ni nani. Lakini leo ni mimi."

Alingoja kilio. Émérance alitikisa kichwa polepole.

"Minajua ni wewe," alisema. "Yeye anangojaka mbele ya ile moja. Wewe haukungoja."

Walikaa. Jua lilitoka kidogo, likakausha njia, likarudi ndani. Waligawana muhogo wa kuchoma. Émérance alimwambia majina ya wenye viatu, benchi kwa benchi, na alikuwa hana haraka. Saa kumi na moja alisimama, akachukua chuma, akampa Agar ishara asimame naye. Akapiga.

Agar alijiambia sasa Émérance ataelewa, sasa kimya kitakuja, naye atakuwa karibu. Mtambaa aliukata kwa mikono yake mwenyewe. Nyasi aliziona. Chuma, baada ya kupiga, alikuwa amekiweka juu ya ukuta ulioanguka, alikumbuka vizuri.

Ilikuja. Tatu. Kimya kirefu, kirefu kuliko alivyopiga yeye. Moja. Na safari hii mlio ulikuwa safi zaidi, wa chuma kilichofunguliwa, kisicho na mtambaa tena.

Émérance alitazama upande ule kwa muda. Kisha akamgeukia Agar na uso uliotulia kabisa.

"Basi," alisema. "Yeye iko. Anaweza kupiga peke yake siku tatu, ine. Unipeleke nikakatwe hiki kidole."

Kesho yake sajini Mardochée aliwatafutia pikipiki hadi Beni. Agar alimwona Émérance akilazwa, akaongea na muuguzi wa zamu, ambaye alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akahakikisha analala karibu na dirisha. Kidole kilikatwa, na mkono ukabaki. Siku ya sita Émérance alitoroka hospitali kabla ya dawa kuisha, akarudi kwake.

Agar hakurudi naye. Alipanda lori lililompeleka hadi njia panda ile ya askari, akashuka, kwa sababu ahadi ilikuwa ya miguu, akaanza kutembea tena kutoka palepale alipoachia. Alivuka daraja la Semuliki peke yake, kwa kisigino kilichoanza kuota ngozi mpya. Kundi lake alilikuta Kasindi, ambako walikuwa wamekwama siku kadhaa wakingoja karatasi za kuvukia mpaka. Hippolyte hakumsalimia mpaka jioni. Katungu alimkalisha, akamwoshea miguu kwa maji ya moto, akauliza kwa sauti ndogo, "Yaya, ulimwambia kweli?"

"Nilimwambia ile nilijua."

"Akasema nini?"

Agar alitazama miguu yake ndani ya karai. "Niongezee maji ya moto," alisema. "Haya yamepoa."